Mwenye Nyumba Haishi Hapo

Jumanne, tarehe 14 Novemba 2017, saa moja kasoro robo asubuhi, manyunyu yakitoka upande wa Kongo na kulifunika ziwa lote, Bi Semeni alikuwa uani kwake Kasingirima, Ujiji, akianua nguo ambazo hazijakauka. Alianua kanga mbili, gauni la kulalia na soksi nene alizozivaa kwa ajili ya maumivu ya miguu. Dalali John alikuwa amemwagiza kwa simu: kamba ibaki tupu, ndoo ziondoke barazani, na lile jamvi la mlangoni likunjwe. Mteja angefika saa kumi alasiri.

Nyumba ya mbele, vyumba vitatu na sebule, ilikuwa tupu tangu Agosti, pale muuguzi aliyekuwa amepanga alipohamishiwa Kibondo. Bi Semeni mwenyewe aliishi katika chumba cha uani. Tangu mgongo ulipomkataza kukamua mawese, kodi ya nyumba hiyo ndiyo iliyomlisha. Lakini lililomsumbua zaidi, ambalo hakumwambia hata binti yake aliyeko Mwanza, ni kwamba jioni zilikuwa ndefu. Muuguzi yule alikuwa akikohoa, akiburuta viti, akiimba vibaya. Sasa hapakuwa na wa kukohoa ila yeye mwenyewe, na alikuwa ameanza kujiambia "pole".

Alijitanda kanga kavu, akashika njia kwenda kuchukua ufunguo.

Ufunguo ulikuwa kwa Mzee Pastory, dalali wa kibandani, kando ya barabara iendayo Mwanga. Wenye nyumba wengi wa Ujiji walizoea kumwachia funguo zao, naye akazitundika kwenye misumari ukutani. Pastory hakuwa na picha wala tangazo. Alimleta mpangaji kwa miguu, akamketisha barazani, akamwombea maji ya kunywa kwa mwenye nyumba. Mtu akirudisha kikombe bila kukisuuza, Pastory alimvuta mwenye nyumba pembeni na kumwambia, "Huyu atakuachia choo kichafu." Kwa njia hiyo alikuwa amemletea Bi Semeni wapangaji wote tangu mumewe alipofariki.

Asubuhi hiyo misumari mingi ilikuwa mitupu.

"Umekuja kuuchukua," alisema Pastory kabla ya salamu.

"Shikamoo, Mzee Pastory."

"Marahaba. Umekuja kuuchukua."

"Miezi mitatu, Mzee! Miezi mitatu hujaniletea mtu."

"Nilikuletea Nizigama."

Nizigama alikuwa fundi seremala, mtoto wa wakimbizi Warundi wa mwaka sabini na mbili, mzaliwa wa huku huku, na cheti chake cha uraia alikihifadhi ndani ya mfuko wa nailoni. Alisuuza kikombe. Mkewe alifagia baraza bila kuambiwa. Lakini Pastory, kwa kufuata utaratibu, aliwapeleka kwa mtendaji wa mtaa kabla ya kukabidhi ufunguo. Mtendaji alikigeuzageuza cheti kile, akasema Mrundi ni Mrundi, kisha naye akaomba "maji ya kunywa", ila yale yake hayakuwa ya kutiwa kikombeni. Nizigama hakuwa nayo. Alirudi Simbo na mkewe siku ile ile.

"Na huyo mteja wa simu," Pastory aliuliza, "hapiti kwa mtendaji?"

"Ni mtu wa shirika. Anafanya kazi na wakimbizi."

"Ahaa! Anayewahudumia haulizwi. Anayefanana nao ndiye anayeulizwa." Akauondoa ufunguo msumarini, akaufuta kwa kiganja, akampa. "Chukua, Bi Semeni. Ila mwulize huyo kijana dalali wako, kikombe atakiona wapi kwenye simu."

Saa kumi ilipofika, Bi Semeni alikuwa ameketi katika jiko la uani, kwa kuwa John alisema mteja hapendi kupokewa na watu. Hata hivyo alikuwa amechemsha chai ya tangawizi na kuandaa vikombe. John, kijana mwembamba mwenye simu mbili, alimwacha mteja sebuleni, akaingia jikoni akinong'ona.

"Mama, mambo ni moto. Dada analipa mwaka mzima kwa mkupuo. Sasa akikuuliza, wewe ni mwangalizi tu. Mwenye nyumba yuko Dar."

"Mwenye nyumba gani?"

"Si wewe, mama! Ila uko Dar."

"Mimi Dar sijawahi kufika."

"Basi leo umefika. Mama, wateja wa siku hizi ukiwaandikia kwamba mwenye nyumba yumo, hawapigi hata simu. Tazama." Akamwonyesha tangazo na kumsomea: nyumba nzima, maji ndani, uzio, mwenye nyumba haishi hapo.

Bi Semeni aliitazama picha. Baraza lilikuwapo, na benchi lilikuwapo.

"Siku ile ulipopiga picha nilikuwa nimekaa hapa," alisema, akiligusa benchi kwa kidole.

"Nilikufuta, mama. Umeona ilivyotoka safi?"

Kabla hajajibu, mteja alikwisha kusimama mlangoni pa jiko. Alikuwa binti mrefu, kitambulisho cha shirika kikining'inia kifuani, jina lake Armelle, mkalimani wa Kirundi.

"Mwiriwe... shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu chai."

Armelle alipokea kikombe kwa mikono miwili. "Nyumba nimeipenda. Mwenye nyumba ni mtu wa namna gani?"

John alikohoa. Bi Semeni aliutazama ufunguo uliokuwa mapajani mwake. Mwaka mzima wa kodi. Mwaka mzima wa viti kuburutwa ng'ambo ya ukuta. Neno moja tu, mwangalizi, lingetosha.

"Ni mjane," alisema. "Huamka mapema. Hupenda kuulizwa amelalaje."

"Huja mara kwa mara?"

"Yuko mbele yako."

John alishika kichwa. Armelle hakukasirika, alikunywa chai yake taratibu, macho chini.

"Nisamehe, mama," alisema hatimaye. "Mimi nimekulia kambini huku huku, kabla hawajaturudisha kwetu. Ukuta wetu ulikuwa turubai. Jirani akigeuka usingizini, sisi tunaamka. Asubuhi wanatuhesabu. Niliapa kwamba nikipata mshahara, nitanunua kimya."

"Kimya ninacho kingi, mwanangu. Napangisha kwa sababu nimekichoka."

Armelle akatabasamu kidogo, kisha tabasamu likamtoka. "Basi hatuwezi kusaidiana."

Aliinuka, akaenda kwenye ndoo, akakisuuza kikombe, akakifudikiza juu ya sinia. Akaaga kwa heshima na kutoka. Lango lilipojifunga, Bi Semeni alikuwa bado anakitazama kikombe kile.

"Mama, umeniua!" John alifoka. "Mwaka mzima! Hata ukirudi kwa yule mzee wa misumari, mtendaji atamfukuza kila mtu atakayekuletea. Haya, nipe elfu thelathini yangu ya tangazo. Tulikubaliana, apange asipange."

Manyunyu yalikuwa yameanza tena. Bi Semeni alilichukua beseni lake la nguo mbichi, akalibeba hadi kwenye kamba.

"Tulikubaliana utangaze nyumba yangu," alisema, akitundika gauni la kulalia. "Nyumba yangu ina mtu ndani. Uliyoitangaza wewe ni nyingine. Itafute, mwenyewe akulipe."

"Nitaifuta mtandaoni, mama! Itabaki tupu hivi hivi!"

"Mimi ulishanifuta." Akatundika kanga, kisha ya pili, ingawa mvua ilikuwa ikizilowesha upya. "Sikulipi, John."