Jina la Otto Harms

Mimi ni Mkikuyu wa Gatuanyaga, nimestaafu kazi ya kiwanda cha nguo hapa Thika, na jina langu ni Otto. Usicheke. Shuleni walicheka vya kutosha.

Otto Harms alikuwa Mjerumani mwenye shamba la kahawa upande wa Mugutha, huko Ruiru. Vita vya Hitler vilipoanza, Waingereza walimkamata wakamtia kizuizini, na hakurudi tena shambani. Miezi sita baadaye Wacuka, msichana aliyekuwa akimpikia, alijifungua mtoto mweupe kuliko watoto wote wa mashambani. Mtoto huyo ndiye mama yangu, Wakonyo, na sasa ana miaka themanini na mitano.

Mwaka jana mjukuu wa Otto, mwalimu mstaafu aitwaye Dagmar, aliandika kwenye Facebook kwamba anatunga kitabu cha ukoo wao, na anatafuta yeyote anayelikumbuka shamba la Harms. Binti yangu Lynn, ambaye hana breki, akamjibu: "Daddy wangu anaitwa Otto. Kuja tuongee." Dagmar akapanda ndege.

Nilimpeleka Mugutha kwanza. Palipokuwa na nyumba ya babu yake sasa pana ghorofa za kupangisha na duka la mabati. Akapiga picha mabati huku akilia, nami nikamwacha alie. Kisha tukaenda kwa mama, ambaye alikuwa uani akichambua mbaazi.

"Baba," mama akaniambia, "letea mgeni kiti."

Dagmar akaduwaa. Bibi kizee anamwita mzee wa miaka sitini baba? Nikamweleza kwamba kwetu mtoto wa kiume wa kwanza huitwa kwa jina la baba wa mume, na wa pili kwa jina la baba wa mke; wasichana nao hivyo hivyo, mama wa mume kwanza, kisha mama wa mke. Mimi ni wa pili. Na ukipewa jina la mtu, wewe ndiye yeye, kwa hiyo mama ameniita baba tangu nikinyonya. Kalamu ya Dagmar ikasimama. Nadhani hadi dakika hiyo aliamini kwamba nilipewa jina hilo kama shukrani ya vibarua kwa bwana wao.

Mama hakumwomba shamba wala shilingi. Alimwomba jibu moja.

"Muulize kama baba yangu alijua nimezaliwa."

Wacuka alikuwa amemwambia kwamba hakujua, kwamba alikamatwa kabla tumbo halijaonekana. Mama aliishi kwa neno hilo. Otto angejua, angerudi. Kosa lote akamtwika Wacuka, aliyetoka shambani na mtoto mgongoni akaja kukaa huku kwenye vumbi, hata Otto angerudi asingejua pa kuwatafuta. Hilo mama hakumsamehe nyanya hadi akamzika, na nyanya hakujitetea hata siku moja.

Dagmar aliahidi kutafuta jibu kwenye barua za babu yake. Tukatema mate kwenye vichupa, majibu yakaja kwamba damu ni moja, naye akaanza kumwita mama shangazi. Baadaye akatutumia ukurasa wa kitabu wenye picha ya mama, na chini yake maneno kwamba Otto Harms hakujua kamwe kuwa ana binti Kenya. Mama alimtaka Lynn amfasirie mara nne. Akauliza kama unaweza kusomwa kanisani.

Lakini Lynn alikuwa ameomba barua zote, na Dagmar alizituma, pengine akidhani Thika nzima hakuna asomaye Kijerumani. Siku hizi simu inasoma. Za mwizi ni arobaini, hata akiwa ameshakufa. Otto alikuwa mtu wa utaratibu, kila barua aliyotuma aliinakili kwanza kwenye daftari. Mwaka wa 1941 jirani yake Mswisi, aliyekuwa akimtunzia shamba, alimwandikia kwamba yule mpishi Wacuka ana mtoto mwenye paji la uso la Otto, sasa afanye nini? Otto alijibu kwa mistari sita. Mitano ilikuwa ya mbwa wake, Senta na Prinz, wale nini na walale wapi. Wa sita ulisema: waondoe mpishi na mtoto wake shambani kabla mke wangu hajasikia.

Nilimpigia Dagmar simu.

"Hii barua ulikuwa umeisoma?"

"Niliisoma. Nilitaka kumlinda shangazi. Na watoto wangu wanampenda sana babu huyo. Familia imekubaliana, ukurasa uende kama ulivyo, au utoke. Barua haiingii."

"Kwa hivyo unalinda jina la Otto."

"Ndiyo."

"Hilo jina ni langu pia," nikamwambia, "na mimi hukuniuliza." Nikakata.

"Daddy, wachana na hiyo story," Lynn alinisihi. "Cucu ako na eighty-five. Wacha tu akae happy."

Sikumsikia. Ningependa kusema nilipenda ukweli, lakini ilikuwa hasira tu. Nilitaka mtu wa kumchukia Otto pamoja nami.

Nikamsomea mama ile mistari sita. Hakulia. Kuku walikuja wakadonoa mbaazi kwenye ungo, asiwafukuze.

"Kwa hivyo tulifukuzwa," akasema mwishowe. "Mama alifukuzwa, na akaniambia ni yeye alitoka."

"Ndio, mami."

"Akakubali nimchukie yeye."

Nikawafukuza wale kuku.

"Msichana wangu wa pili. Nilitakiwa nimuite nani?"

Hapo nikajua anakoelekea, nikatamani ningemsikiliza Lynn. "Wacuka," nikajibu.

"Na nilimuita nani?"

"Rachael."

"Rachael wa Biblia. Mama alikuja kuona mtoto, amebeba ndizi na uji. Nikamwambia mbele ya watu, jina lako silitaki hapa kwangu. Aliosha mtoto, akaenda."

Akaniambia nimjulishe Dagmar autoe ule ukurasa kwenye kitabu. Nikasema nitamjulisha.

"Otto nilimpa mtu," mama akasema. "Mama nilimnyima."