Koti la Mlenda

Unga wa chuma ulikuwa unazama. Niliusaga mwenyewe, nikauchekecha kwa kanga ya mke wangu Penina, nikauchanganya na oili. Asubuhi nikakuta oili juu, chuma chini kama machicha ya pombe. Ilikuwa Jumanne. Ijumaa gari la Yasinta, ofisa wa serikali kule Mtumba, lilitakiwa kumpeleka mama yake kliniki ya mgongo Mvumi, na daktari alishaonya: asirushwerushwe.

Shokapu za mbele za gari lile hunywa oili yenye chuma. Umeme ukipita ndani, sumaku inashika chuma, oili inakuwa nzito, shimo hulisikii. Zake zilivuja. Mpya ni kuagiza nje, mwezi mzima. Fundi mwenye akili angemwambia akodi gari jingine. Mimi nilisema, "Niachie," nikaanza kutengeneza oili hiyo mwenyewe.

Nikampigia Abdulrahim, mteja wangu anayefundisha chuo.

"Kila punje uivishe koti, Methodi. Isigandane na mwenzake, isizame, isishike kutu."

"Koti la nini?"

Akataja kemikali yenye jina refu kuliko treni. Niliishia darasa la tano, nikakata simu.

Mgogo afundishwe utelezi? Nikachukua mlenda mkavu wa Penina, ile mboga yetu ya kuteleza, nikaupika na ule unga kwenye sufuria yake, nikauanika, nikautwanga upya, nikautia kwenye oili.

"Baba Noeli, mboga hiyo unampikia nani?" Penina akauliza.

"Gari."

"Basi lisongee na ugali."

Alhamisi chuma kilikuwa bado kinaelea. Nikasogeza sumaku, oili ikasimama miiba kama nungunungu. Niliita mtaa mzima waje waone, kisha nikaimimina kwenye shokapu.

Ijumaa nikapanda gari na Yasinta na mama yake, nipokee sifa. Shokapu zikapata moto, mlenda ukaungua, chuma kikagandana. Kabla ya Mvumi gari lilikuwa gumu kama toroli, na kila shimo mama alilia, "Yesu wangu!" Kisha sili zinazozuia oili zikapasuka, moshi ukaingia ndani. Mama akanusa.

"Yasinta, nani kapika mlenda humu?"

"Muulize fundi, mama."

"Ni mimi, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Umeuunguza."

Hasara: shokapu mbili za kutupa. Sufuria moja, ambayo Penina ameitundika mlangoni pa gereji. Mteja mmoja. Na mama wa watu, aliyekwenda kliniki ya asubuhi moja, akalazwa siku kumi na moja.