Karatasi ya Pili

Mlango wa nne asubuhi ile ulifunguliwa na mwanamke mwenye povu la sabuni mpaka kwenye viwiko. Alimsikiliza Binti Gazeti hadi mwisho, akakubali kila neno, akaongeza na mengine ambayo mwandishi hakuyajua. Kalamu ilipotolewa, alitazama mikono yake akasema kwamba leo anafua mpaka jioni. Kesho pia.

Binti Gazeti ni jina alilopewa na mtaa. Alikuwa na wiki ya tatu pale, pembezoni mwa mji, mahali ambapo waandishi wenzake wote walipakataa. Alikwisha jua bomba lipi hutoa maji saa ngapi, mbwa wa nani hung'ata, na nani hampi nani salamu. Jambo moja alikuwa amechelewa kulijua: watu wa mtaa ule walikuwa wameacha kutia sahihi.

Miezi minne nyuma, ofisi ya kata iliwaita kupokea vyandarua. Kila mtu aliandika jina, akatia sahihi, akaondoka na chandarua chake. Watu mia moja na kumi na wawili. Baadaye orodha ile ilionekana imebanwa nyuma ya karatasi nyingine, iliyosema kuwa wakazi wameridhia zahanati yao ibomolewe na kiwanja kijengwe kituo cha mafuta. Tangu hapo, ripoti za watoto zilirudi shuleni bila sahihi ya mzazi. Wapeleka vifurushi walirudi na mizigo yao. Hata kwenye msiba mmoja, kitabu cha rambirambi kilirudi kwa wafiwa kikiwa cheupe.

Zahanati ilikuwa ibomolewe Alhamisi. Hiyo ilikuwa Jumanne, na mhariri alishatoa neno lake: habari isiyo na jina wala sahihi ya mtu ni umbea wenye picha.

Kwenye kibanda cha mkaa, muuzaji alimkaribisha vizuri, akamfutia na kigoda.

"Mdogo wangu, sahihi yangu mimi imeshaolewa," alisema. "Kamuulize mumewe, yuko pale kata."

Wateja wakacheka. Binti Gazeti naye akacheka, kisha akashukuru, akaondoka. Saa sita mchana ilikuwa imeshapita. Ulibaki mlango wa fundi cherehani.

Fundi alikuwa mwenye kaya pekee mtaani ambaye jina lake halikuwamo kwenye orodha ya vyandarua. Siku ile alikuwa zahanati na bintiye, aliyekuwa akitokwa damu na mimba changa. Muuguzi aliizuia ile mimba isitoke. Sasa ilikuwa na miezi minane, na binti alilala chumbani kwa amri ya muuguzi huyohuyo, asitembee zaidi ya mlangoni. Hospitali ya karibu ilikuwa mwendo wa saa mbili kwa miguu, na mvua ikinyesha magari hayakuwa yakifika mtaani.

Fundi alieleza haya yote bila kuondoa mguu kwenye cherehani. Alitaja tarehe, alitaja jina la dawa. Binti Gazeti aliandika ukurasa mzima, akamsomea. Fundi akasahihisha sehemu mbili. Ndipo mwandishi alipotoa karatasi ya pili, yenye mistari ya jina, simu, mtaa na sahihi.

Cherehani ikanyamaza.

"Mbona sahihi iko peke yake?"

Ndivyo walivyofundishwa gazetini. Mhariri hupunguza maneno, na sahihi ikiwa kwenye karatasi yake, mwandishi halazimiki kurudi kwa msemaji kila sentensi inapokatwa. Binti Gazeti alimweleza hivyo, kwa ufasaha, kama alivyoelezwa yeye.

"Niamini, mama."

"Wewe nakuamini, mwanangu. Karatasi ndiyo siijui."

Alichungulia chumbani, alikolala bintiye. Kisha akafuta vidole kwa kipande cha kitambaa, akaandika jina lake polepole, herufi moja moja, akatia sahihi.

Mhariri alifurahi. Alisema hii sasa ni habari, akamtengea ukurasa wa tatu. Ila gazeti husikiliza pande mbili, kwa hiyo akampigia simu afisa wa kata. Afisa alisema hakuna mkazi anayelalamika, mwandishi wake amejitungia. Mhariri, aliyejivunia kutowahi kuitwa mwongo, aliipiga picha karatasi ya pili na kumtumia kama uthibitisho. Afisa akashukuru. Akaomba apewe mpaka kesho ajibu kwa maandishi. Ukurasa wa tatu ukajazwa habari ya mashindano ya riadha.

Jumatano asubuhi, jibu lilikuwa ukurasa wa saba wa gazeti lilelile, kwenye tangazo la kulipiwa: orodha kamili ya wakazi walioridhia. Sahihi mia moja na kumi na tatu. Ya mwisho ilikuwa imeandikwa polepole, herufi moja moja.

Binti Gazeti alimpigia mhariri akiwa njiani kwenda kwa fundi. Mhariri akasema kuwa tangazo si habari, tangazo lina wakubwa wake, na kwamba Jumatatu wataangalia.

Fundi alikuwa amekaa barazani, cherehani imefunikwa. Gazeti lilikuwa mapajani, limefunguliwa ukurasa wa saba. Hakufoka. Alisema majirani wamepita mara tatu, na hakuna hata mmoja aliyemsalimu.

"Mimi ndiye niliyekosa, mama," Binti Gazeti alisema, akivua viatu kupanda barazani.

"Najua. Vaa viatu vyako twende kata."

Karani wa kata aliwapokea kwa adabu. Alisema kila mwananchi ana haki ya kukana sahihi yake, taratibu zipo. Akafungua droo, akatoa fomu moja, akaonyesha kwa ncha ya kalamu mahali pa jina na mahali pa sahihi, chini kabisa. Ikijazwa leo, bwana afisa ataiona leo, na ubomoaji utasimama mpaka shauri lisikilizwe.

Fundi aliisoma mstari kwa mstari. Alijaza jina na kueleza malalamiko yake. Kisha akaigeuza. Nyuma ilikuwa tupu.

"Hapa mtaandika nini?"

"Nyuma ni ya ofisi, mama."

Fundi aliomba rula. Karani akampa, akidhani anataka kunyoosha maandishi. Fundi akailaza karatasi mezani kama anavyolaza kitambaa, akapiga mstari kutoka pembe hii hadi pembe ile, kisha mwingine kukatiza, kisha mingine na mingine, kwa nafasi sawa, mpaka upande ule wote ukawa hauna mahali pa kutosha neno moja. Akaigeuza tena mbele, akatia sahihi, akamsogezea.

Karani aliitazama pande zote mbili. Kwa mara ya kwanza alionekana kuona aibu.

"Hii imechafuliwa, mama. Iliyochafuliwa haipokelewi."

"Nipe nyingine."

"Ilikuwa ya mwisho. Nyingine zinakuja Jumatatu."

Binti Gazeti alifungua mdomo, akaeleza kuwa Jumatatu zahanati haitakuwepo, akataja sheria, akataja gazeti lake. Karani alimsikiliza kwa makini. Fundi hakusubiri wamalize. Alikwisha kaa kwenye benchi la wageni, mkoba mapajani, fomu yake juu ya mkoba, na alipoambiwa kuwa ofisi inafungwa saa tisa, alijibu bila kuinuka kwamba amesikia.