Kisanduku Cheupe cha Kupimia Hewa

Mama Deki hajawahi kukosa kwenda kazini hata siku moja kwa miaka kumi na tisa. Ukiondoa siku za kujifungua, msiba wa mama yake, na ile Jumanne aliyoanguka kituoni, watu wakamruka kwa sababu basi lilikuwa linaondoka.

Kituo chenyewe kiko mahali barabara kuu inapoanza kupanda mlima, pale malori yanapokanyagiwa mafuta. Kila lori likibadili gia, moshi mweusi unashuka usawa wa pua za abiria. Mama Deki anabadilishia basi hapo. Saa nzima asubuhi, saa nzima jioni, anaula moshi huo mkavumkavu, kisha anakwenda kudeki ofisi ya idara ya barabara, sakafu za watu wanaokuja na magari ya vioo vilivyopandishwa.

Daktari alimuuliza anavuta pakiti ngapi kwa siku. Akajibu kwamba sigara hajawahi kuitia mdomoni, labda marehemu mumewe alikuwa akimvutia usingizini. Daktari hakucheka. Alimwambia kifua kimeharibika, akae mbali na barabara. Mama Deki akataka kujua kama hospitali inagawa mabawa.

Ndipo abiria wakaandika barua, kituo kihamishiwe barabara ya ndani. Ofisi ikajibu kwamba itapima hewa siku tisini. Namba zikiwa mbaya, kituo kitahama. Kikaletwa kisanduku cheupe, ukubwa wa redio. Mkuu wa ofisi akaogopa kitaibiwa huko kituoni. Akakiweka chumbani mwake, juu ya kabati, kati ya kiyoyozi na chungu cha maua. Mama Deki akakifuta kila asubuhi, akidhani ni redio iliyokufa.

Namba zikatoka. Hewa safi. Kituo hakihami.

Mgeni kutoka makao makuu alipokuja kuhakikisha, mkuu alimvuta Mama Deki pembeni na, kwa sauti laini ambayo hakuwahi kuipotezea mfagiaji, akamweleza kisanduku kile ni kitu gani. Akamkumbusha pia kuwa mikataba ya wafagiaji inaisha mwezi huu, na anayetia sahihi ni yeye. Ni neno moja tu, mama yangu: kilikuwa kituoni.

Mama Deki akakitazama kitambaa mkononi mwake. Kumbe siku zote zile alikuwa akiipangusa pumzi yake mwenyewe kwa kitambaa.

"Huyu mama anapandia basi palepale," mkuu akamwambia mgeni. "Mwulize."

"Ulikiona kisanduku hiki kituoni, mama?"

"Nilikiona."

"Siku zote?"

"Siku zote, bwana."

Mgeni akapitisha kidole juu ya kisanduku. Akakitazama kidole, akakinusa. Kisha akainama, akanusa na meza ya mkuu.

"Siku tisini kando ya malori," alisema taratibu, "na kinanukia sabuni ya limao kama meza hii. Mama, ulikiona wapi?"

Mama Deki akamtazama mkuu. Mkuu akatazama dari. Aliposhusha macho, alitikisa kichwa kama baba aliyemfumania mtoto kwenye chungu cha nyama.

"Mama, kumbe unamdanganya mgeni wangu?"

Mgeni akachomoa kalamu mfukoni, akamuuliza mfagiaji jina lake kamili linaandikwaje.