Gego la Delmer

Hobart Stidham alichimba kaburi kabla hata ya kuambiwa mifupa ni ya nani. Ndivyo alivyo yule mzee, subira hana hata chembe. Alisikia tu kwamba ofisa wa jeshi anapanda mlimani kuulizia habari za mwanawe Delmer, aliyeuawa vitani kisiwani Tarawa miaka sita nyuma akiwa askari wa kikosi cha wanamaji cha Marine, na maiti yake isionekane. Basi! Alfajiri akabeba sururu mpaka makaburi ya ukoo, juu ya nyumba.

"Umechimba?" mkewe Orlena alimaka. "Una wazimu? Na kama si yeye? Unajua kabisa shimo halilali wazi, linaita mtu mwingine!"

"Ni yeye. Huyo bwana angetoka kote huko kuja kunywa kahawa yako?"

Ofisa alikuwa kapteni kijana, mpole, jasho likimtiririka. Orlena alimkatia mkate wa mahindi. Kapteni akaeleza kwamba faili la meno ya Delmer lilipotea vitani. Je, aliwahi kutibiwa na daktari wa meno?

"Daktari ni mimi," Hobart akasema, akiinua koleo lake la kung'olea misumari ya kwato za farasi. "Bonde zima nimeling'oa, na hakuna aliyewahi kulalamika."

"Watalalamikaje na midomo imevimba?" Orlena akamchokoza, na kapteni akacheka.

Kisha akasema, "Tunaye mmoja asiye na jina. Umri huohuo, kimo kilekile. Kapungukiwa gego moja tu, la chini kulia. Liling'olewa utotoni, taya limeziba."

Jamani, asingeutaja upande! Angeuliza tu, akanyamaza. Lakini alikuwa na huruma, na huruma ilimponza.

"Kulia!" Hobart alipiga meza. "Nimeling'oa kwa mkono huu! Ni yeye!"

"Nawe, mama? Nahitaji kauli zenu wote wawili."

Orlena alihisi joto kiganjani. Delmer alikuwa mtoto wa miaka tisa, amelala mapajani mwake kutwa nzima, naye amemshikia kitambaa cha maji ya chumvi shavuni. Shavu la kushoto. Tangu siku ile alitafunia upande mmoja, na Hobart mwenyewe ndiye aliyekuwa akimcheka mezani.

"Naomba niseme na mume wangu," alisema.

Wakasimama nyuma ya nyumba, penye kuni.

"Sema kulia," Hobart alimnong'oneza. "Neno moja tu, Orlena. Tumzike. Tupate mahali pa kupeleka maua mwezi wa Mei, makaburi yanapopambwa, kama watu wengine. Nani atajua?"

"Mama yake."

"Mama wa nani?"

"Wa huyo kijana. Yuko mahali fulani, naye anaulizwa habari za meno."

"Simjui! Namjua wangu mimi! Nakuomba, mke wangu, nakupigia magoti." Akapiga kweli, mzima mzima, kwenye vibanzi vya kuni, analia.

Na msidhani Orlena hakutaka. Alitaka. Aliitaka mifupa yoyote, ya mtu yeyote, alimradi aifunike kwa mikono yake mwenyewe.

Akarudi ndani. "Kushoto."

Kapteni hakuandika. "Una uhakika, mama? Miaka ni mingi, mtu husahau."

Alikuwa anamfungulia mlango, maskini. Orlena aliuona huo mlango.

"Nilimpakata mimi. Ni kushoto."

Kapteni alipoondoka, Orlena alimtafuta mumewe kwenye kuni asimwone. Jua lilikuwa limeinama. Akachukua sepetu, akapanda makaburini kufukia shimo, kwa kuwa ilikuwa lazima lifukiwe kabla ya usiku.

Hobart alikuwa amekaa chini kabisa ya shimo, mgongo ukutani, lile koleo la meno mapajani.

"Toka, baba Delmer. Giza linaingia. Nifukie."

"Nikitoka litakuwa tupu."

"Hobart, tafadhali."

"Litakuwa tupu, Orlena. Unasikia? Hamna mtu humu."

Orlena aliiweka sepetu kwenye udongo, akajishika ukingoni, akashuka, akaketi kando yake. Jua likazama wote wawili wakiwa bado humo.