Mpishi Aliyefukuzwa

Fundi seremala alimfukuza mkewe kwa sababu ya matapishi. Kila baada ya wiki sita, binti yake wa miaka saba aliamka alfajiri akitapika hadi nyongo, siku mbili mfululizo, kisha akapona kana kwamba hajawahi kuugua.

"Kaka, fumbua macho," dada yake alimwambia. "Anayepika humu ndani ni mama wa kambo."

Fundi akalitoa sanduku la mkewe nje, na shangazi mtu akashika jiko. Wiki ya sita ilipotimia, mtoto alitapika tena kabla hajatia chochote mdomoni.

Hospitalini, daktari alimtundikia dripu, akampima, akauliza tarehe zote za nyuma. "Ni ugonjwa wa kutapika kwa vipindi," alisema. "Hata watu wazima huupata. Hajalishwa sumu na mtu."

"Sasa mimi ningejuaje?" shangazi alinung'unika.

Fundi alitoka nje, akampigia mkewe, akamweleza yote bila kujitetea, akamwomba arudi.

"Mtoto kalazwa wapi?" mkewe aliuliza.

"Kitanda cha dirishani."

"Funga pazia. Akiwa hivyo mwanga unamuumiza. Nilikuambia, ukasema najifanya daktari."

"Utarudi?"

"Mtoto nitakuja kumwona. Kwako sirudi."

Simu ikakatika. Fundi akarudi wodini, akafunga pazia.