Vijiti Vilivyosimama Kwenye Wali

Usiku wa kuamkia Alhamisi iliyopita nilijiona usingizini niko kwenye ule mgahawa wa Wachina wa mtaa wa pili, nimekaa peke yangu kwenye meza ya watu kumi. Ulikuwa mchana wa jua kali. Nilikuwa nimevaa nguo nyeupe za eda, ingawa eda nilishaimaliza mwezi uliopita, na hakuna aliyeona ajabu, hata mimi mwenyewe.

Mgahawa huo naujua. Mimi na marehemu mume wangu, Mzee Shaweji Mbonde, fundi mstaafu wa reli, tulikuwa tunakwenda kila Idi pili, na kila binti yetu Hidaya alipofaulu mtihani. Mwagizaji nilikuwa mimi. Mume wangu sikumpa menyu, maana ya nini? Wachina wanapika nguruwe, na mtu akisoma harakaharaka anaweza kuletewa asichokijua. Kwa hiyo miaka yote nilimwagizia namba arobaini na saba, kuku wa tamu na chachu, naye miaka yote alimaliza sahani na kusema Alhamdulillahi. Nilijihesabu kuwa mke anayejua kulisha.

Basi kwenye ndoto naletewa bakuli la wali, unafuka mvuke. Vijiti vyao vya kulia ninavyo mkononi, na kwa kuwa sijawahi kuvimudu, navichomeka katikati ya wali, vikasimama wima, ili mikono yangu iwe huru kushika menyu.

Birika la chai likakohoa.

"Mama," likasema, "unamngoja nani?"

Nikaliambia simngoji mtu, nimekuja kula.

"Umesimamisha vijiti kwenye wali. Kwetu huyo ni marehemu anaandaliwa chakula. Ameshapata taarifa. Yuko mlangoni anajifuta viatu."

Nilitaka kulieleza kwamba sisi si watu wa mambo hayo, kwamba kwetu marehemu anaombewa dua na haagiziwi chakula mgahawani. Lakini mlango ulifunguka, akaingia mume wangu. Alikuwa na ovaroli yake ya buluu ya karakana, iliyopigwa pasi, na kofia mkononi. Akavuta kiti cha upande wa pili wa meza, akanisalimia, akauliza kama presha yangu imetulia. Nikamjibu imetulia. Sikuona njia ya kuacha adabu.

Birika likanieleza masharti kwa sauti ya karani. Mgeni atakaa mpaka mvuke wa wali uishe. Akila kile roho yake inachokitaka, ataondoka ameshiba, na hapo ndipo hata mimi nitalala. Asipokila, ataondoka na njaa yake, na vijiti havisimamishwi mara mbili kwa mtu mmoja.

Nikacheka kidogo. Kama mtihani ndio huo, nilikuwa nimeufanya kwa miaka arobaini na moja.

"Namba arobaini na saba," nikaiambia menyu.

"Namba arobaini na saba," ikaitikia menyu, na namba hiyo ikashuka kwenye karatasi, ikatembea kwa miguu yake miwili mpaka jikoni, ikarudi imebeba kuku. Akawekwa kwenye kile kioo cha katikati ya meza kinachozunguka. Kioo kikazunguka polepole. Kuku akafika mbele ya mume wangu na hakusimama. Akampita, akaja mpaka kwangu, akatulia.

Mume wangu alimwangalia akipita kwa heshima, kama mtu anayepisha msafara wa maziko.

Nikaagiza namba kumi na mbili, tambi za kukaanga. Zikampita. Nikaagiza bata. Bata akampita huku ameinamisha shingo, akiniomba radhi. Nikaagiza kamba, samaki mzima, maandazi ya mvuke, supu ya mahindi. Vyote vilizunguka, vyote vikaja kusimama mbele yangu mimi, na ndipo nikaona kitu ambacho sikukipenda. Kila sahani iliyokuwa hapo ilikuwa ya chakula ninachokipenda mimi. Kuku wa tamu na chachu nilimpenda mimi tangu siku ya kwanza.

Mvuke ulikuwa umebaki nusu.

Ghafla mgahawa ukawa behewa. Meza ni ileile, viti ni vilevile, lakini nje ya dirisha inapita misitu ya Mlimba, enzi reli inajengwa, na tingatinga limelala kwenye matope. Mume wangu ni kijana wa miaka ishirini, hana hata mvi moja. Amechuchumaa kando ya reli na vijana wengine na mafundi watatu wa Kichina, wanakula kutoka sufuria moja. Wanacheka kwa jambo ambalo kila mmoja amelisema kwa lugha yake. Najitahidi kuchungulia ndani ya sufuria, lakini treni haisimami hapo.

Kabla sijauliza kitu, behewa likawa sebule yetu siku ya arobaini. Jamvi limejaa watu, pilau inapita kwa masinia. Shemeji yangu anamsifia marehemu kwamba alikuwa mtu wa pilau kweli. Nilikuwa nimechagua mimi, pilau ya mbuzi, nikasema ndiyo aliyoipenda, na watu wote wakaniamini. Mume wangu ameketi kati ya waombolezaji akiwa na ovaroli yake, sinia linampita.

Tukarudi mgahawani. Wali ulikuwa unatoa uzi mmoja tu wa mvuke.

"Mama, umebakiwa na agizo moja," likasema birika. Halikusema kwa ubaya.

Nikaifungua menyu kutoka mwanzo. Namba zikanikimbia macho, zikajificha moja nyuma ya nyingine. Nilishikwa na aibu ambayo sijawahi kuijua, aibu ya mtu aliyelala kitanda kimoja na mtu kwa miaka arobaini na moja, akamfulia, akamuuguza, akamfumba macho, na leo hajui angependa kula nini. Nikaifunga menyu.

"Baba Hidaya," nikasema, "unataka kula nini?"

Akaiweka kofia mezani. Alikuwa hana mazoea ya kulijibu swali hilo.

"Nyanya na mayai," akasema. "Zinakaangwa pamoja, mpaka zitoe mchuzi. Juu ya wali mweupe."

"Hiyo tu?"

"Hiyo tu, Mama Hidaya."

"Na mbona hukusema?"

"Ulikuwa unaniagizia kwa mapenzi. Ningesemaje?"

Nikaigeukia menyu. Menyu ikajikunjua ukurasa kwa ukurasa, ikajikagua, ikajikunja tena. Ikasema chakula hicho hakina namba, na kisicho na namba hakina miguu ya kwendea jikoni.

"Basi kitatumia yangu," nikasema.

Nikasimama, nikashika njia ya jikoni. Mlango wa jikoni uko hatua kumi kutoka mezani, naukumbuka. Lakini kila nikipiga hatua sakafu inaongeza reli, mataruma yanajipanga mbele yangu moja baada ya jingine, na mimi nakwenda, nguo za eda zimeshikwa mkononi, magoti yananiuma. Ninapita stesheni ambazo alizoea kunitajia jioni nami nikiitikia bila kusikiliza. Nyuma yangu nasikia birika likisema, kwa sauti ya chini, kwamba mvuke umekwisha. Nageuka. Kofia iko mezani. Kiti kimerudishwa mahali pake vizuri, kama alivyozoea kufanya.

Nikaamka.

Nilikaa kitandani mpaka kukapambazuka, nikasali, nikafagia uwanja ambao ulikuwa umeshafagiliwa. Nilijiambia ni ndoto ya mjane, zinatokea. Nyanya na mayai ni chakula cha mtu yeyote asiye na mboga, na mume wangu hakuwahi kukiomba nyumbani kwake hata siku moja. Lakini roho haikutulia. Saa nne nikachukua simu nikapiga mgahawani.

Akapokea mwenye mgahawa mwenyewe, yule mama wa Kichina ambaye Kiswahili chake amekipatia Kariakoo. Akaniamkia shikamoo, nikaitikia. Akauliza naagiza nini.

"Nyanya na mayai," nikasema. "Juu ya wali."

"Mama, hiyo haipo kwenye menyu," akasema. "Hiyo tunapika ya kula sisi wenyewe. Mgeni tuliyekuwa tunampa ni mmoja tu, fundi wa reli. Anakuja asubuhi kabla hatujafungua, anakula jikoni na wapishi. Siku nyingi hatumwoni. Hajambo lakini?"

Nilimwambia amefariki, huu ni mwezi wa sita. Kisha nikamsikia akisema jambo kwa Kichina kuwaambia watu wa ndani, na kelele za makarai zilizokuwa zikisikika nyuma yake zikakoma zote.

Nililia, na sitaficha kwamba sehemu ya kilio hicho ilikuwa wivu. Wapishi wale walikuwa wanamjua mume wangu. Yule mama aliporudi kwenye simu aliniuliza mimi ni nani wa marehemu, nikamwambia mimi ni mkewe, yule wa namba arobaini na saba. Akasema ananikumbuka. Akauliza kama anifungie chakula aniletee nyumbani.

Nikamwambia asifunge. Nikavaa baibui nikatoka, nikapita mlango wa nyuma wa mgahawa, nikakaa jikoni palepale waliponionyesha kwamba alikuwa akikaa yeye.